Wiki 12, Sekunde 48 na Kuku Mmoja

Nianze na kuku, maana ndiye aliyeniumbua. Wiki ya saba ya kozi ya uhuishaji, yaani kuifanya michoro itembee, nilipakia sekunde sita za kuku wangu akiingia ndani ya nyumba kwa mwendo wa kunyata. Nilimchora siku nne. Kila hatua nilimsukuma kichwa mbele, nikakirudisha nyuma, mbele, nyuma, vilevile tunavyofanya tukiigiza kuku mbele ya watoto. Kesho yake nikakuta maoni ya mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu tuliyekuwa naye kundi moja: "Binti yangu, huyu kuku anaitikia muziki gani?"

Nilinuna hadi jioni. Halafu nikachukua simu nikaenda kumtafuta kuku wa kweli.

Nitarudi kwake. Ninachokitathmini hapa ni kozi ya uhuishaji ya wiki 12, inayofundishwa yote mtandaoni, kwa ajili ya mtu anayetaka kutoka na filamu fupi ya katuni aliyoitengeneza mwenyewe tangu wazo hadi maonyesho. Jina lake sitalitaja kwa sababu nina malalamiko, na sina hamu ya kugombana na mtu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa usanifu wa michoro. Kuchora najua. Kuufanya mchoro utembee ndiko kulikokuwa kunanishinda, nikajiunga nikidhani nitafundishwa vitufe vya kubonyeza.

Vitufe hawafundishi. Kama unatafuta hivyo, ishia hapa, kuna video za bure chungu nzima zitakazokufaa zaidi. Wiki tatu za kwanza hatukuruhusiwa hata kufungua programu ya kuchorea. Kazi ilikuwa utafiti, na utafiti wenyewe ulikuwa na sheria yake: kila wazo liwe na folda, na ndani ya folda viwemo vitu vya aina tatu, yaani ulichokiangalia kwa macho yako, ulichokisoma, na ulichoambiwa na mtu anayelijua jambo hilo kwa sababu analifanya. Picha za kuokota mtandaoni zilihesabiwa sifuri.

Somo la kufungulia lilikuwa la mpiga picha Eadweard Muybridge na farasi wake. Wengi wetu tunalijua juujuu, lakini lilivyosimuliwa lilinikaa. Mwaka 1878 alipanga kamera kwa mstari, zikafyatuliwa moja baada ya nyingine farasi alipopita mbio. Watu walikuwa wakibishana kama kuna nukta ambayo kwato zote nne zinakuwa hewani. Ipo. Lakini haiko pale wachoraji walipokuwa wakiichora miaka yote, miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma. Kwato ziko hewani wakati miguu yote imekusanyika chini ya tumbo. Mafundi wakubwa wa brashi, watu waliokaa na farasi maisha yao yote, walikuwa wanachora kitu ambacho hakipo.

Nilisikiliza somo hilo, nikaandika muhtasari mzuri, kisha nikafanya kosa lilelile. Filamu yangu ni ya bibi na kuku. Bibi ameacha kikapu cha nguo safi kando ya kitanda, kuku anaingia, anapanda kikapuni, anataga. Bibi anakuja na ufagio. Basi, hakuna maneno, sekunde 48. Kwenye folda ya bibi nilijitahidi. Kwenye folda ya kuku niliweka picha mbili na sentensi moja niliyojitungia, maana nilijiuliza, kuku nimemwona tangu nazaliwa, nitafiti nini? Msimamizi wa kozi aliipitisha folda hiyo bila neno. Hilo ni lalamiko la kwanza, nalo si dogo: sheria ya vitu vitatu ni nzuri, ila hakuna anayekagua. Weka chochote, utapewa alama ya tiki.

Sasa kuku wa kweli. Niliegemeza simu kwenye jiwe, nikaiweka irekodi fremu 60, yaani picha tuli 60, kwa sekunde, nikamwaga punje chache mbele yake apite ubavu. Nilirudi na video ya sekunde tisa. Nikakata kipande cha utepe wa gundi, kidogo kama ukucha, nikakibandika kwenye kioo cha kompyuta juu kabisa ya jicho la kuku, nikaanza kusogeza fremu moja moja.

Jicho halikuondoka. Fremu ya pili, ya tano, ya kumi, jicho liko palepale chini ya utepe, huku kifua kinakuja mbele, shingo inajikunja, mguu unapita. Kisha kwenye fremu ya kumi na tano kichwa kikachomoka kama kimefyatuliwa, kikatua mahali papya, kikatulia tena. Hatua nzima ilichukua fremu 24 hivi, na kati ya hizo 14 kichwa kilikuwa kama kimepigiliwa msumari hewani. Kurudi nyuma hakuna. Hakuna kabisa. Tunachokiona kama kurudi nyuma ni mwili unaokifuata kichwa.

Nilirudia mara nne kwa kutoamini. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu kozi ianze, nikaenda kusoma kwa hiari yangu. Kumbe jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 1978 mtafiti Barrie Frost aliwatembeza njiwa kwenye mkanda unaozunguka, kiasi kwamba ndege anatembea lakini chumba kinachomzunguka hakisogei machoni pake. Vichwa vikaacha kuchezacheza. Ndege hatikisi kichwa kwa mbwembwe: anakishika kisitembee ili picha ya dunia itulie machoni, kisha anakirusha mbele na kukishika tena.

Kwa hesabu ya kuchora, hatua ya fremu 24 kwenye video ya fremu 60 ni sekunde 0.4. Filamu yangu inakwenda kwa fremu 24 kwa sekunde, na kila mchoro naushikilia fremu mbili, kama wanavyofanya wengi wasiotaka kufa kabla ya kumaliza. Kwa hiyo hatua moja ni karibu fremu 10, yaani michoro mitano: mitatu kichwa kimetulia, miwili kinarushwa. Nilifuta siku nne za kazi nikaanza upya. Mpya ilinichukua siku mbili tu, maana sasa nilijua ninachochora.

Nikapakia kwa kiburi. Maoni yakaja: "Video imekwama?" Mwingine: "Kwangu pia inaganda." Wa tatu: "Intaneti yangu au wewe?"

Hapo ndipo niliposhika tama. Kosa langu la mwanzo lilimchekesha mmoja tu, wengine waliliona sawa. Ukweli niliouchimba fremu kwa fremu ukaonekana ni hitilafu ya mtandao! Tena, kwa kuongeza chumvi kwenye kidonda, sikuweza hata kuwa na hakika kwamba walichokiona ni michoro yangu, kwa sababu kichezeshi cha video cha kozi hii ni kibovu. Kinaibana video hadi fremu nyingine zinarukwa. Kwa mtu anayepakia mazungumzo haidhuru kitu, lakini kwa mwanafunzi wa uhuishaji, ambaye kazi yake yote imo ndani ya fremu mbili tatu, ni sawa na kumpa mshonaji mkasi butu. Hilo ni lalamiko la pili, na niliwaandikia. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, likinishauri nifute kumbukumbu za kivinjari.

Tukaanza kutumiana mafaili yenyewe, kila mtu anapakua na kuangalia kwenye mashine yake. Muuguzi mmoja wa zamu za usiku, aliyekuwa mwamba wa kundi letu, akaandika saa kumi alfajiri: "Mdogo wangu, sasa haikwami. Ila pale kichwa kinaposimama, kwa kufumba na kufumbua nilidhani amekufa."

Maoni hayo nimeyahifadhi hadi leo, kwa sababu yalinionyesha tatizo lilipo hasa. Kuku wa kweli hafi kichwa kikisimama, kwa kuwa kuna mambo mengine mia yanayoendelea juu yake. Mimi nilikuwa nimekisimamisha kichwa na kila kilicho juu ya kichwa. Nikarudi kwenye video, nikaangalia, sasa si jicho, bali kila kisichokuwa jicho. Ile nyama nyekundu inayoning'inia chini ya mdomo inaendelea kuyumba baada ya kichwa kutua. Manyoya ya koo yanavuta. Mara moja moja kope inapita. Nikavichora hivyo, kichwa nikakiacha kimepigiliwa.

Na mwalimu wa hesabu akaongeza lake, la kihesabu kweli: "Weka mstari uliosimama nyuma yake. Jicho linataka cha kupimia." Nyuma ya kuku kulikuwa na ukuta mtupu. Nikasogeza mwimo wa mlango hadi nyuma ya kichwa chake. Ghafla mtu yeyote akawa anaona kwamba kichwa kimeshikilia mstari huku mwili unapita. Ukuta ulikuwa mtupu wiki nzima na mimi nilikuwa nahangaika na manyoya.

Wasiomaliza kozi za namna hii hudhani maoni ya wenzako ni kitu unachokipata bila kutafuta. Si kweli. Wiki za mwanzo kundi letu lilikuwa halina faida yoyote. Mfumo wa kozi unakutaka utoe maoni kwa kazi tatu za wenzako ndipo ufunguliwe maoni yaliyoandikwa juu ya kazi yako. Kwa maandishi inapendeza. Kwa vitendo, usiku wa siku ya mwisho, watu watano wanaandika "Nzuri sana, hongera" mara tatu ili mlango ufunguke, na nyuma ya mlango wanakuta "Nzuri sana, hongera" tatu. Wiki ya nne nilipewa hongera nne. Nilikuwa nimepakia faili tupu kwa makosa.

Aliyetuokoa ni muuguzi. Kule kazini kwao, alisema, zamu inapopokezana hawaulizani "hali ikoje", wanaambizana kitu kimoja kimoja. Akapendekeza hivi: anayepakia kazi aandike swali moja tu. Anayeangalia aanze kwa kueleza alichokiona, tukio kwa tukio, kama anamsimulia mtu aliyefumba macho, kisha ndipo ajibu swali. Mwenye kazi anyamaze hadi wote wamalize. Kuhusu kunyamaza tulibishana siku mbili. Mimi nilikuwa upande wa wabishi.

Kozi yenyewe ilitupa mfano mmoja kwenye somo la tano: studio ya Walt Disney ilikuwa na chumba kidogo cha kuangalizia kazi, kisicho na hewa ya kutosha, ambacho wachoraji walikiita chumba cha jasho. Unakaa, vipande vyako vinaonyeshwa, mkubwa anasema. Somo lilisifia desturi hiyo. Mimi nilijiuliza jasho lenyewe lilikuwa la joto au la woga. Kundi letu halikuwa na mkubwa, na nadhani ndiyo maana kunyamaza kuliwezekana: unanyamaza mbele ya watu ambao kesho nao watanyamaza mbele yako.

Kazi ya kwanza kupita kwenye utaratibu huo mpya ilikuwa animatiki yangu, yaani ile storibodi, michoro ya matukio kwa mfuatano, iliyopangwa kwenye muda wake na sauti za kubahatisha, kabla ya kuchora mwendo. Swali langu: "Bibi anabadili nia lini?" Nilikuwa na hakika na jibu. Bibi anainua ufagio, anaona yai, anashusha ufagio.

Wakanisimulia walichokiona. Mwalimu: mama mmoja anafagia chumba, kuku anamsumbua. Muuguzi: bibi anaingia, anamwogopa kuku. Kijana mmoja wa kundi letu, mpenzi wa katuni za mapigano za Kijapani: bibi anampiga kuku, kuku anakwepa. Hakuna hata mmoja aliyetaja yai. Hata mmoja! Nilikaa kimya kwa mujibu wa sheria huku vidole vinaniwasha.

Sababu ilikuwa ya kijinga: yai jeupe, juu ya shuka jeupe, ndani ya kikapu cha rangi ya maziwa. Kichwani mwangu yai lilikuwa linang'aa. Nilichotaka kufanya ni kulipaka rangi au kulikuza. Mwalimu akasema tusubiri kidogo. "Tatizo si yai halionekani. Tatizo ni kwamba mimi na bibi tunalitafuta kwa wakati mmoja." Akapendekeza sisi watazamaji tulione mapema, bibi bado yuko nje, ili akiingia na ufagio sisi tayari tunajua kilichomo kikapuni. Nikaongeza picha mbili: kuku anasimama, anageuka, anaangalia chini alichokiacha. Sekunde tatu. Kutoka hapo filamu ikawa na roho ya woga isiyokuwa nayo mwanzo, na ufagio ukapata uzito ambao sikuuchora.

Nikitaja uzito, inanibidi nimtaje binti wa maneno matatu. Alijiandikisha kwa jina la kificho, hakuwahi kuweka picha yake, na maoni yake hayakuzidi maneno matatu. Hata sheria ya kusimulia aliifuata kwa mkato: "Bibi. Kuku. Yai." Wiki ya tisa, chini ya tukio la bibi kuinuka kitini, aliandika: "Bibi hana uzito."

Wiki ya sita tulikuwa tumepitishwa kwenye kanuni 12 za uhuishaji zilizokusanywa na Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa zamani wa Disney, mwaka 1981. Zote 12, kwa video moja ya dakika 40. Ni haraka mno, na kozi inastahili kulaumiwa kwa hilo, kwa sababu ukikimbizwa hivyo unabaki na majina tu. Mimi nilibaki na majina. Kanuni ya maandalizi nilikuwa nimeiwekea tiki: kabla ya tendo, mwili hujiandaa. Bibi yangu alijiandaa kwa kushusha mabega kidogo, halafu akapaa kitini kama puto.

Muuguzi akalichukua jambo hilo kama anaandika ripoti ya wodi. Mgonjwa, alisema, haanzi kusimama kwa kwenda juu. Anaanza kwa kwenda mbele. Miguu inavutwa nyuma chini ya magoti, kiwiliwili kinainama hadi pua ipite vidole vya miguu, uzito unahamia kwenye nyayo, ndipo makalio yanaachana na kiti. Ukimvuta mtu juu kabla pua haijafika huko, mtaanguka wote wawili. "Nimeinua watu wengi," aliandika. "Bibi yako anaruka hatua niliyoumizia mgongo."

Nilijirekodi nikiinuka kitini, mgongoni nikiwa nimebeba begi lililojaa vitabu ili mwili uzeeke kidogo. Pua ilipita vidole. Mkono wangu wa kulia, bila kuuambia, ulisukuma goti. Nikauweka huo mkono kwenye filamu, na watu wakiitazama ndio wanaoutaja kwanza: "pale anaposukuma goti." Kanuni niliisoma kwa watu wawili mashuhuri, nikaielewa kwa mtu anayeinua wagonjwa usiku. Kile kitu cha tatu cha folda, ulichoambiwa na mtu anayelifanya jambo, nilikuwa nimekidharau kuliko vyote.

Si kila maoni yalikuwa dhahabu. Yule kijana wa mapigano alitaka kuku apigane. Kila wiki. Kuku aruke ukuta, kuku apige teke ufagio, kamera izunguke. Nilianza kumruka nikisoma. Siku moja nikagundua kwamba mapendekezo yake yote yanaangukia sekunde zilezile, kati ya ya 29 na ya 35. Nikaangalia hapo: bibi amesimama, kuku amesimama, hakuna kinachotokea. Sikumpa pambano lake, lakini nilikata sekunde nne. Pixar, studio inayojulikana kwa vikao vyake vya ukosoaji vinavyoitwa Braintrust, wana utaratibu ambao Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wake, ameueleza wazi: kikao kinasema, lakini hakina mamlaka ya kumlazimisha mwongozaji. Ningependa kozi ingetuambia hilo wiki ya kwanza. Kuna mwanafunzi wa kundi jingine aliyetii kila alichoambiwa, na filamu yake ya mwisho ilikuwa na joka, mvua, na wimbo. Ilianza kama hadithi ya kiatu kilichopotea.

Mengine kwa kifupi. Programu kila mtu anatumia anayoitaka. Mimi nilitumia Krita, ya bure, yenye sehemu ya uhuishaji tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016, na kwa michoro ya mkono ilinitosha. Mwalimu alitumia Blender, nayo ya bure, na alituhadithia kwa furaha jinsi watu walivyochanga euro 100,000 mwaka 2002 ili msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uachiwe wazi kwa wote. Storibodi niliichora kwenye karatasi nikaipiga picha kwa simu. Hakuna aliyenicheka.

Somo la sauti ni dhaifu, wiki moja nusu nusu, nililiruka. Sauti ya ufagio nilirekodi mwenyewe bafuni. Michoro yangu kwa jumla ilifika 576, nikihesabu na ile iliyojirudia, na kama ningejua idadi hiyo mapema nisingeanza. Cheti kimekuja na jina langu limekosewa herufi moja. Nimeandika kuomba kisahihishwe. Ni siku ya sita leo.

Msimamizi wetu, kama mmeshafahamu, hakuwa akionekana. Alama zilitolewa na mashine kwa kuhesabu maneno ya maoni uliyoyaandika, si kwa kuyasoma, kwa hiyo mwandishi wa "Nzuri sana" mia moja anamshinda binti wa maneno matatu. Binti huyo alikosa cheti. Amepungukiwa idadi ya maneno.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za ile sheria ya folda, ambayo nimeanza kuitumia hata kwenye kazi za chuo, na ningewapa zaidi kama wangekuwa wanazifungua folda zenyewe. Moja ni ya kutuweka watu watano tusiojuana ndani ya chumba kimoja na kutuacha humo hadi tukaanza kuambiana kweli, ingawa hilo lilitokea kwa sababu msimamizi hakuwepo, na sijui kama mtu anastahili nyota kwa kutokuwepo. Ukijiunga na ukapangiwa kundi la watu wa hongera, usisubiri kozi ikutatulie. Andika swali lako moja, omba usimuliwe kilichoonekana, ujizuie kujibu. Kama wiki ya tatu bado wanaandika "Nzuri sana," omba uhamishiwe kundi jingine. Inaruhusiwa, ila imeandikwa chini kabisa ya ukurasa wa msaada ambako hakuna anayefika.

Kundi letu limehamia kwenye simu. Sheria ni zilezile, isipokuwa kijana wa mapigano amepewa ruhusa ya pambano moja kwa mwezi. Muuguzi ametuma animatiki yake mpya leo alfajiri, chumba cha wagonjwa chenye taa moja, na swali lake ni hili: "Mnadhani nani ameizima?" Nimeshaiangalia mara mbili, na nilichokiona ni mkono. Binti wa maneno matatu ameshajibu, naye kaandika mawili tu.